Stesheni ya Sirkeci, Istanbul: mie na bi mkubwa chini ya bahari

Assalaam alaykum. Nlikwenda Istanbul kufata mapazia ya duka na bi mkubwa wangu, yani mama, akashikilia lazma twende wote, maana yeye nje ya Umra hajasafiri. Hoteli yetu ilikuwa huko mji wa zamani, karibu na stesheni ya Sirkeci, na mizigo ya mtu wangu ilikuwa Üsküdar ng'ambo ya pili, kwa hiyo tumeipanda Marmaray, treni yao inayopita chini ya bahari, mpaka tukazoeana nayo.

Kwanza usidanganyike na jengo. Pale juu kuna stesheni ya zamani ya mwaka 1890, nzuri mashallah, madirisha yana vioo vya rangi, ndo ilipokuwa ikiishia ile treni ya Orient Express ikitoka Ulaya. Sie siku ya mwanzo tukakaa mule kwenye viti tunasubiri treni kama wageni waalikwa, kumbe Marmaray iko chini huko na mlango wake mwengine kabisa.

Na chini ni chini kweli. Unashuka ngazi za umeme, unashuka, ukidhani umefika unakuta nyengine. Bi mkubwa goti lake la kushoto halimtaki, akanikamata mkono kama anavuka barabara ya Darajani kwetu Unguja mkesha wa Idi, macho kayafumba. Siku ya pili nkajua lifti ziko, kwa hiyo mwenye mzee asijitie ushujaa, atafute lifti.

Sasa hela, hapa someni vizuri. Unanunua kadi, Istanbulkart, kwenye mashine, unaijaza, ukiingia unaigusisha getini. Marmaray inakukata kwanza nauli ya njia nzima, yani kama unakwenda mpaka mwisho wa reli, na reli yenyewe ni kilomita 76 na ushei. Ukishuka karibu ndo unatakiwa uigusishe tena kwenye kimashine cha pembeni unapotoka, ikurudishie iliyozidi. Mie sikujua. Siku tatu nzima nakwenda Üsküdar, kituo kimoja tu, nalipa kama naenda Gebze, mwisho wa reli! Ni sawa na kumpa konda noti ya elfu kumi ukashuka Amani bila kudai chenji, tena kila siku. Kosa langu mwenyewe, niliona watu wamejipanga pale nikadhani wanaangalia salio. Alonishtua ni kijana mmoja aliyekuwa akitoka nyuma yangu, kanishika bega akanionesha kwa kidole, Kituruki sijui lakini kwenye hela lugha haina shida.

Treni yenyewe safi, na Sirkeci mpaka Üsküdar ni kama dakika 4. Boti inachukua robo saa na zaidi. Bi mkubwa kaingia tu vijana wawili wameinuka pamoja, "teyze, teyze", nkamwambia mama wanakwita mama mdogo, kafurahi huyo. Furaha ikakatika alipouliza tunapita wapi. Nkamwambia tuko chini ya bahari. "Chini ya bahari vipi?" Chini, mama, maji yako juu yetu, na meli juu ya maji. Nilimsikia Ayatul Kursiy mpaka mlango ulipofunguka.

Ile sehemu ya baharini si handaki la kuchimbwa, ni mabomba makubwa ya zege, vipande 11, yalizamishwa kimoja kimoja yakaungwa hukohuko chini, urefu wake kiasi cha kilomita 1.4, na pale pa chini kabisa ni kama mita 60 kutoka juu ya maji. Walianza kazi 2004 wakafungua 29 Oktoba 2013. Walichelewa kwa sababu kituo kinachofata, Yenikapı, walipochimba wakakuta bandari ya zamani iliyofukiwa na matope, ndani yake meli 37! Ikabidi wenye treni wasubiri watu wa mambo ya kale wamalize. Nilifikiria Darajani yetu, na penyewe palikuwa na maji na daraja la kweli, leo tunauza mitumba juu yake, nani ajuae chini kuna nini.

Lakini kilichonikaa mie ni Sirkeci yenyewe. Kwa kuwa juu kumejaa majumba ya zamani hawakufungua shimo kubwa kutoka juu, stesheni wameichimba kwa chini, na ukitoka nje unakuta maduka na vichochoro viko palepale. Sie Mji Mkongwe ukichimba shimo la bomba la maji tu jirani anasoma Yasini kwa ajili ya ukuta wake. Na treni tulikuwa nayo bwana, ya Bububu, tangu 1905, ikipita karibu na mabaraza ya watu. Bi mkubwa anasema marehemu bibi yake alimsimulia.

Siku ya kuondoka nkamuuliza, mama tupite chini mara ya mwisho? "Pita weye, mie ntakungoja na chai." Tukapanda boti, upepo unapiga, kakaa dirishani na kigilasi chake cha chai anaangalia maji, akanambia, "Hii ndo safari, unaona unapokwenda." Kadi yangu ilibaki na salio, anaekwenda karibuni aje aichukue dukani.