Chupa Mbili za Château-Chalon: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Mvinyo Adimu wa Jura

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikiutafuta mvinyo wa Château-Chalon, ule wa manjano unaotoka Jura, mashariki mwa Ufaransa, na kila duka nililouliza hapa Lyon ama lilikuwa limeishiwa ama halijawahi kuuleta. Hatimaye niliupata kwa mfanyabiashara mmoja wa mtandaoni anayejinadi kwamba huuza mvinyo wa wakulima wadogo tu, nikaagiza chupa mbili za mavuno ya 2015 kwa yuro 64 kila moja.

Bei hiyo haikunishtua. Mvinyo huu hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, savagnin, kisha sharti ukae katika pipa la mwaloni kwa zaidi ya miaka 6 bila pipa kujazwa tena, hata kiasi kinachopotea hewani kikiwa kikubwa. Juu yake hujitandaza utando mwembamba wa hamira, na utando huo ndio unaouzuia usigeuke siki. Wenyeji husema kwamba lita moja ikiingia pipani hutoka sentilita 62, na ndiyo maana chupa yake fupi yenye mabega mapana, iitwayo clavelin, ina ujazo huo huo. Mashamba yenyewe ni takriban hekta 50, na mwaka zabibu zisiporidhisha, kama ilivyokuwa 2001, wakulima huacha kabisa kulitumia jina la Château-Chalon.

Kifurushi kilifika baada ya wiki tatu, kimefungwa kwa uangalifu ambao sina budi kuusifu. Nilipozitoa chupa, hata hivyo, moja ilikuwa ya 2015 na nyingine ya 2016, na hapakuwa na hata kikaratasi cha kunieleza sababu. Nililalamika, nikajibiwa baada ya siku sita kwamba za 2015 zilikuwa zimekwisha na kwamba tofauti si kubwa. Kwa mtu aliyehangaika mwaka mzima kutafuta mavuno fulani, jibu hilo ni la kuudhi, kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye lebo ndio hasa anaoulipia. Walinirudishia yuro 10, nikazipokea kwa shingo upande.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Niliifungua ile ya 2015 ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye friji, nikaonja, nikadhani imeharibika: ilikuwa kali, haina sukari hata chembe, na harufu yake ilikuwa kama ya tufaha lililokatwa likasahauliwa mezani. Nusura niimwage. Niliirudishia kizibo, nikaiacha mezani jikoni, na jioni ya kesho yake, ilipokuwa imepata joto la kadiri ya nyuzi 15, nikamimina tena. Harufu iliyopanda safari hii niliijua tangu utotoni Mombasa, nayo ni ya uwatu. Baadaye nilisoma kwamba kemikali moja, sotoloni, ndiyo inayoupa uwatu harufu yake na ndiyo inayopatikana kwa wingi katika mvinyo huu. Nyuma yake zikafuata kokwa za jozi na chumvi kidogo iliyobaki ulimini muda mrefu baada ya kumeza.

Wafaransa huunywa pamoja na jibini ya Comté au kuku wa malai na uyoga, na Comté iliyokomaa kwa kweli inafaa sana. Mimi niliujaribu pia na kuku wa kupaka, tui zito na bizari tele, nao haukumezwa na viungo kama ambavyo mvinyo mweupe mwingine wowote niliowahi kuuonja ungemezwa. Chupa ile ilinichukua siku 19 kuimaliza, na bilauri ya mwisho haikuwa imepoteza ladha.

Ile ya 2016 nimeilaza chini ya ngazi. Nitaagiza tena kwa mfanyabiashara yule yule, kwa kuwa sijaona mwingine mwenye mzigo kama wake, lakini sitalipa kabla ya kutumiwa picha ya lebo ya kila chupa.