TAHADHARI: Trekta Kuukuu Lenye Rangi Mpya na Bloku Iliyopasuka

Ndugu wakulima na wamiliki wa matrekta,

Naandika tahadhari hii nikiwa nimekwishapoteza msimu mzima wa kulima, pamoja na fedha ambazo sitarajii kuzipata zote, ili yeyote aliye mbioni kununua trekta la zamani lililoletwa kutoka Uingereza ajue namna bloku (mwili mkuu wa chuma wa injini) yenye ufa inavyofichwa na namna ya kuibaini kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni. Jina la yadi iliyoniuzia silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Wengi wetu tunalijua: lilianza kutengenezwa Coventry katika miaka ya 1960, vipuri vyake bado vinapatikana, na fundi wa kijijini anaweza kulifungua bila kitabu. Umaarufu huo ndio unaowavutia wauzaji wa aina hii, maana mnunuzi huja akiwa amekwishalipenda kabla hajaliona.

Siku niliyofika yadini, injini ilikuwa tayari inanguruma. Dalali alinieleza kwamba wameiwasha mapema ili nisipoteze muda, nami nikaona ni ukarimu. Sauti ilikuwa nzuri, moshi haukuwa mwingi, geji ya joto haikupanda, na rangi nyekundu ilikuwa inang'aa kila mahali. Nililipa shilingi milioni 16, nikatafuta lori la kulipeleka Babati, na risiti niliyopewa ilisema kwamba trekta limeuzwa kama lilivyo.

Siku ya pili shambani, kabla sijamaliza ekari ya tatu, injini ilichemka. Rejeta ilikuwa imepungukiwa na maji kwa zaidi ya lita mbili, lakini chini ya trekta hapakuwa na hata tone. Nilipochomoa stiki ya kupimia oili nikakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili yenyewe imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi wa kwanza alishuku gasketi ya silinda hedi (kizibo chembamba kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko chake cha juu), na simlaumu, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo tatizo lilipo. Aliifungua hedi, akapima unyoofu wake kwa rula ya chuma, akaweka gasketi mpya na kuikaza kwa mpangilio unaotakiwa. Baada ya saa tatu za kazi, maji yalikuwa yameingia tena kwenye oili.

Fundi wa pili alifanya jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Alimwaga oili yote, akaifungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), akajaza maji kwenye rejeta na kuyasukuma kwa pampu ya mkono yenye geji, akiangalia asizidishe shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, kisha akalala chini ya injini na tochi. Slivu za injini hii (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ni kavu, yaani hazigusani na maji moja kwa moja kama zile zenye mipira ya kuzuia maji kwa chini, kwa hiyo maji yanapodondokea ndani ya sampu ilhali hedi na gasketi ni nzima, anayebaki kushukiwa ni bloku. Matone yalikuwa yanatokea upande wa kamshafti (mhimili unaofungua vali). Alipokwangua rangi kwenye ukuta wa nje wa upande huohuo, bisibisi ilizama ndani ya kitu laini: ilikuwa gundi ngumu ya kuzibia chuma, iliyopigwa msasa vizuri na kupakwa rangi juu yake. Chini ya gundi hiyo kulikuwa na ufa wa mlalo unaozidi shibiri moja, na mwenzake ulikuwa ndani, mahali ambapo gundi haifiki.

Yadi ilidai kwamba nimelipasua mimi kwa kulichemsha. Madai hayo hayasimami. Nyufa zinazotokana na joto kupita kiasi kwa kawaida huanzia kwenye hedi karibu na vali, au katikati ya silinda na silinda, ilhali ufa mrefu wa mlalo kwenye ukuta wa mfereji wa maji ni alama ya baridi. Trekta likiachwa nje wakati wa majira ya baridi ya Ulaya likiwa na maji matupu, bila kolanti (dawa ya kuzuia maji yasigande), maji hayo huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha kusubu hakijui kuvutika, hivyo hupasuka. Isitoshe, ufa unaodaiwa kuwa wangu ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi kabla trekta halijafika Babati.

Wapo watakaouliza kwa nini ufa huo usizibwe tena na maisha yakaendelea. Matrekta ya aina hii hayana fremu kama lori. Bloku na sampu ndizo zinazobeba ekseli ya mbele na kuiunganisha na giaboksi, kwa hiyo kila tuta na kila shimo huupinda ukuta uleule uliozibwa kwa gundi. Kuchomelea chuma cha kusubu nako kunahitaji kukipasha joto kwanza, fimbo za nikeli na kukipoza taratibu, la sivyo hupasuka pembeni ya mshono. Hata aliye na ustadi huo hawezi kuufikia ufa wa ndani bila kuifungua injini yote.

Kwa hiyo, ukienda kukagua trekta, dai kulikuta likiwa baridi kabisa, na ukikuta limewashwa, rudi kesho yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza kidogo nati ya kumwagia oili: maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yatakuwa yamejikusanya chini usiku kucha na yatatangulia kutoka. Fungua rejeta uangalie kama kuna utando wa oili au matope ya kahawia ya dawa ya kuziba uvujaji, ambayo kwangu yalikuwemo na sikuyatilia maanani. Kagua pia kama thamostati ipo, yaani vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kwangu ilikuwa imeondolewa, na ndiyo maana geji haikupanda pale yadini. Pitisha sumaku kwenye kuta za bloku, kwani mahali penye gundi haishiki sawasawa. Ukipashuku mahali, pakwangue, upake mafuta ya taa, uyafute mpaka pakauke, kisha upake unga wa chaki: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka taratibu na kuuchora mstari wake. Muuzaji akikataa usikwangue rangi yake, basi hilo ni jibu.

Wiki iliyopita dalali yuleyule alinipigia simu, kwa heshima zote, akitaka kulinunua trekta hilo kwa shilingi milioni 4 "likiwa kama lilivyo". Nilimuuliza atalifanyia nini, akasema kuna mteja wa Kiteto anasubiri. Nimemkatalia. Trekta bado liko karakana, na ukuta ule nimemwagiza fundi auache bila rangi.