Kamusi ya mfukoni ya shilingi 15,000: nzuri tu, ila neno jamhuri limewashinda

Hii kamusi ndogo nilinunua karibu na Old Taxi Park hapa Kampala, muuzaji alianza na 20,000 tukavutana bei mpaka 15,000. Ni ya msichana wangu, yuko S2 (sekondari, mwaka wa pili) na Kiswahili wanasoma. Karatasi ngumu, wino haushiki vidole, inaingia mfukoni kabisa. Hapo sina neno.

Sasa juzi mwalimu kawapa kazi ya neno jamhuri. Tukafungua: "jamhuri, tazama demokrasia." Haya, tukaenda demokrasia: "utawala wa watu; jamhuri." Ai! Yaani unazungushwa kama teksi inatafuta abiria wa mwisho. Mtoto aandike nini?

Na hivyo si vitu sawa jamani. Jamhuri imetoka Kiarabu, jumhur, umma, watu wengi, na tunaitumia kwa nchi ambayo mkuu wake si mfalme wa kurithi. Waingereza mfalme wanaye na wabunge wanawapigia kura, demokrasia ipo, jamhuri hakuna. Sisi hapa tumeonja kinyume chake, mwanajeshi Idi Amin alipochukua nchi 1971 alivunja bunge akawa anatawala kwa amri, na nchi yenyewe ikaitwa eti Jamhuri ya Pili ya Uganda. Jamhuri, na mbunge hata mmoja hakuna!

Msichana akaniuliza juu ya mfalme wa Buganda, ufalme wa hapa kwetu, "Taata, na Kabaka je?" Hilo swali limezidi kamusi yote. Nikamwambia 1963 Mutesa II alikuwa Kabaka na papo hapo rais wa nchi, halafu katiba ya 1967 wakati wa rais Obote ikafuta falme ikafanya Uganda jamhuri, 1993 falme zikarudi lakini za utamaduni tu, sheria za nchi hazitungi. Ndo maana Kabaka yuko kwenye jumba lake Mengo na Uganda bado ni jamhuri. Akaandika hivyo hivyo, mwalimu akampa alama zote.

Maneno ya jikoni na ya shamba yako vizuri sana humo ndani, hata mbunge na kura wameeleza sawa. Nyota 3 kwa 5. Nilipita tena kwa yule muuzaji nikamwonyesha, akacheka: "Mzee, hiyo peji wewe ndo wa kwanza kuifungua."