EducationUSA: sikulipa hata mia na nimesaidika kweli
Jamani kabla hujampa ajenti hela yako pitia EducationUSA kwanza, vile vituo vya serikali ya Marekani vya kushauri wanaotaka kusoma vyuo vya kule. Mimi ajenti mmoja alikula laki tatu akanijazia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali ya Marekani, kumbe ile fomu sio ya sisi tunaoenda na viza ya mwanafunzi, niliumia sana. Huku mshauri alikaa na mimi tukapitia CSS Profile, fomu ya hali ya kifedha ya familia ambayo vyuo vingine vinaitaka ukiomba msaada wa ada, mstari kwa mstari, na vile mama anauza vitenge sokoni hana salari slip akanionyesha jinsi ya kupiga hesabu ya mapato ya mwaka mzima toka kwenye daftari lake la mauzo. Halafu nikajua Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ukiomba msaada wa ada hawakupunguzii nafasi ya kuchaguliwa, vyuo vingi vingine wanaangalia kama umeomba. Nyota tano!