Chesi ya sumaku ya 25,000 niliyonunua Tabora, imekula safari moja tu ya treni

Wadau, nilikua natafuta kitu cha kupotezea muda kwenye treni ya Kigoma, nikapita duka moja hapa Tabora mjini, jamaa akaanzia 35,000 tukavutana mpaka 25,000. Ubao unajikunja unakua boksi, kete zote 32 zinaingia ndani, kila kete ina kisumaku chini. Kwa macho iko vizuri, farasi hasa wamechongwa mpaka manyoya ya shingo, ila askofu kwa mwanga wa behewani unamchanganya na askari, na ngome moja nyeusi sumaku yake ilichomoka hata Urambo hatujafika. Behewa likiyumba kidogo tu ngome inahama nyumba yenyewe, mi nikaonekana naiba.

Niliecheza nae ni mzee mmoja wa Ujiji, anasema alifundishwa na Mwarabu mwenye duka akiwa kijana. Nimemwekea kete zake akaniangalia, "Mjukuu wangu, malkia ndo nani? Huyu waziri. Na huyu askofu wako ni fili, tembo." Nikamwambia shikamoo yako naiheshimu babu ila karatasi ya kwenye boksi imeandika mchezo umeanza Ulaya miaka ya 1400.

Sasa hapo ndo hiyo karatasi imenikera kuliko hata sumaku, maana mzee yuko sahihi. Mchezo umetoka India, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, ukiitwa chaturanga, yaani jeshi la vikosi vinne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakauchukua, Waarabu walivyoiteka Uajemi wakauita shatranji, na sisi huku sataranji tumeitoa hapo hapo, ukafika mpaka Hispania ambako huyo askofu mpaka leo wanamwita alfil, tembo yule yule ila sidhani kama wanakumbuka. Kilichotokea Ulaya mwisho wa miaka ya 1400 ni waziri, aliekua anajikongoja nyumba moja moja kimshazari, kugeuzwa malkia anaefyeka ubao mzima. Hata umbo la hizi kete ni la juzi tu, mtindo wa Staunton ulianza kuuzwa London mwaka 1849. Halafu ona ajabu, tunabishania tembo kwenye njia ile ile ya Tabora kwenda Ujiji ambayo misafara ilikua inapitisha pembe za ndovu kwenda pwani.

Basi mzee kwa majina yake ya zamani alinifunga mara tatu, ya mwisho tukiwa Nguruka, kwa huyo huyo waziri wake, na kila akinibana anasema "shaha" taratibu kama anakusalimia.

Kigoma nimenunua supa gluu pale Mwanga nikabandika sumaku, inashika mpaka leo. Nyota 3 kati ya 5. Ya kuchezea nyumbani chukua tu, ya treni au boti tafuta yenye matundu ya kuchomeka kete, na kabla hujatoa hela fungua boksi, pindua kete moja moja uangalie chini. Karatasi ya maelezo fungia karanga.