Begi la kinanda lenye mfuko katikati: uzoefu wangu

Skrini ya kinanda imepasuka na doa jeusi limetanda, na kilichoipasua ni plagi ya adapta ya kinanda hichohicho, ikiwa ndani ya mfuko wake, ndani ya begi lililonunuliwa ili kukikinga. Hasira zangu zinaanzia hapo.

Ni yale mabegi meusi ya nailoni yanayouzwa Kariakoo kwa vinanda vya funguo 61, yenye mikanda miwili ya mgongoni na mfuko mkubwa wa nje. Sasa angalia mfuko umeshonwa wapi: katikati kabisa ya uso wa juu. Na skrini ya vinanda vingi vya ukubwa huo iko wapi? Katikati. Kinachozitenganisha ni kitambaa, sponji ya milimita 5 hivi na bitana. Basi.

Plagi zetu ni za pini tatu, nene, ngumu. Zikigeukia ndani, zigo moja tu juu ya begi kwenye buti la basi linatosha, maana uzito wote unaishia kwenye ncha za pini. Skrini ya LCD haihitaji kupigwa, inahitaji kukandamizwa mahali padogo. Ikishapata ufa, ule umajimaji wa ndani unatambaa na doa linaendelea kukua. Sauti inatoka, funguo zote nzima, ila mlio unauchagua kwa kubahatisha.

Nikalirudisha dukani. Muuzaji hakulifungua hata. "Kaka, mfuko huo wa madaftari ya nyimbo. Nani alikutuma uweke adapta?" Nani alinituma! Lebo ya begi ina mchoro wa adapta ikiingizwa kwenye mfuko huohuo. Nikamwonyesha. Akajibu kwamba lebo zinachapwa China, yeye anauza tu, kisha akageukia mteja mwingine na kumwita bosi.

Hata hivyo, niseme haki, fundi aliyelishona si mzembe kila mahali. Zipu ni namba 10. Geuza kishikio cha zipu utazame mgongoni, mara nyingi namba imegongwa hapo. Ukikuta 5, achana nalo: zipu hiyo huachia kwenye kona, pale begi linapopinda, kwa sababu meno madogo hayahimili mvuto wa kinanda kinachosukuma kutoka ndani. Mkanda wa kushikia nao umezunguka tumbo lote la begi, haukushonewa juu ya kitambaa peke yake. Iliyoshonewa juu tu hung'oka na kipande cha kitambaa.

Urefu ndio watu wengi wanaupuuza. Kinanda kikibaki na nafasi ya zaidi ya sentimita 3 kila upande, ukilibeba begi likiwa wima mgongoni kinateleza na kugonga chini kwa kona. Jaza nafasi kwa vipande vya ile sponji nyeupe ngumu inayofungia televisheni. Ya godoro hapana: ibonyeze kwa kidole gumba uone inavyokubali hadi chini, na ikinyonya unyevu wa pwani inakaa na maji juu ya funguo.

Dawa ya mfuko ipo. Kata plaiwudi ya milimita 3, upana sawa na kinanda, urefu uvuke skrini na vitufe pande zote. Piga msasa kingo zisitoboe bitana. Upande unaotazama kinanda bandika sponji ngumu ya milimita 20, lakini acha dirisha juu ya skrini na jingine juu ya joystiki, kile kijiti cha kupandisha na kushusha noti. Usiporuka hatua hiyo ubao utakaa kwenye bodi ya kinanda. Ukiiruka, utakuwa umetengeneza kikandamizio kikubwa kuliko plagi. Joystiki iliyolazwa upande mmoja safari nzima hulegea springi, halafu noti zinapanda zenyewe bila kuguswa. Gundi ya viatu inatosha, iache ikauke kabisa kabla ya kufunga zipu. Adapta iende kwenye mkoba wake, waya ukunjwe duara pana. Ukiuzungushia kwenye adapta yenyewe unakatikia shingoni.

Kuna watakaosema nunua keisi ya mbao. Ya plaiwudi ya milimita 9 yenye kona za chuma inakinga kweli, na kwa bendi yenye gari lake sina ubishi. Lakini kwa kinanda chepesi, keisi inaweza kuwa nzito kuliko kinanda chenyewe. Jaribu kuingia nayo kwenye daladala ya saa kumi na moja jioni, konda atakudai nauli ya watu wawili na bado utashushwa.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Kwa zipu na mishono inafika tatu, na ukishaweka plaiwudi sijaona begi jingine la bei hiyo linalolikaribia, kwa hiyo nne... Hapana. Plaiwudi ni yangu, sponji ni yangu, gundi ni yangu, na skrini mpya nayo nainunua mwenyewe. Mbili. Na mfuko wa katikati nimeushona mdomo kwa uzi wa viatu, lisije likaingia hata hilo daftari la nyimbo.