Gitaa kuukuu linakwaruza? Usikimbilie pikapu

Mwangaluka wadau! Leo nawaonyesha seti ya vipuri vya umeme niliyoliwekea gitaa langu. Niko uani kwangu hapa Nyegezi, kwa hiyo mkisikia bata wa jirani mnisamehe, nimeshamfukuza mara mbili.

Gitaa hili mnalijua, lenye pikapu mbili za humbucker, yaani vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, vya koili mbili mbili. Limepiga kwaya, limepiga harusi, limechoka. Ukigusa volyumu, spika inalia kama mtu anakaanga dagaa. Juzi kwenye sendoff moja jeki, pale unapochomeka waya wa spika, ikakata, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Mpiga kinanda akaendelea peke yake, mimi nimesimama natikisa waya kama mvuvi aliyenasa kwenye magugu.

Kila mtu akaniambia nunua pikapu mpya. Hapana! Nikaweka multimita: pikapu ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapoishia, inasoma kilo-omu 8.1, ya upande wa shingo 7.6. Ziko salama. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, haisuguliwi na kitu. Kinachokwisha ni potenshomita, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu au toni, kwa sababu ndani mna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoikwangua kila ukizungusha. Ongeza vumbi, jasho, na unyevu wetu huu wa ziwa.

Kwanza nilipuliza dawa ya kusafishia kontakti, nikazungusha kama mara thelathini. Likanyamaza wiki mbili, likarudia. La kwako likinyamaza moja kwa moja, funga video hii, hela yako kanunulie sato.

Sasa seti yenyewe. Nimeiagiza mtandaoni, 45,000. Potenshomita nne za kilo-omu 500, kapasita mbili za mikrofaradi 0.022, swichi ya njia tatu na jeki, vyote vimeshaunganishwa. Wenye pikapu za koili moja, kama zile za Stratocaster, tafuteni za 250. Hizi za 500 zitawapa sauti kali inayochoma masikio.

Kilichoniudhi ni kipimo. Matundu ya gitaa langu ni milimita 8, shingo za potenshomita hizi zinataka karibu 9.5. Nikaazima tupa ya mviringo, nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya rangi, nikakwangua kidogo kidogo jioni nzima. Drili msiguse, itawabandua rangi. Pimeni kabla ya kulipia.

Halafu sogezeni macho hapa kwenye jeki. Mnaona hii risasi ya kulehemu ilivyofifia, rangi ya jivu? Haikushika vizuri, nimeivuta kwa kucha tu ikaachia. Nikalehemu upya. Hii sasa inang'aa.

Kosa jingine ni langu. Nilisahau waya wa ethi, ule wa kuondoa mvumo, unaotoka kwenye daraja, maana kwenye seti haumo, unautoa kwenye potenshomita ya zamani. Nikachomeka amplifaya: mmmmmm! Nikaulehemu mgongoni mwa volyumu, mvumo ukashuka.

Sikilizeni, nazungusha volyumu... Kimya. Toni nayo inashuka taratibu, si kama ya zamani iliyokuwa inazima ghafla ukifika mwisho. Swichi ni ngumu kidogo kuliko nilivyozoea, tutaizoea.

Kwa bei hii nawaambia chukueni, ila muwe na pasi ya kulehemu au fundi redio mnayemwamini. Ngoja nirudishe tupa ya watu, mwenyewe ameshapiga simu mara tatu.